Baada ya Sijambo

Kisanduku namba 187 kilirudi karakana siku ya nne baada ya mazishi. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha mezani chenye maua, na kitambaa kilipofunguliwa, harufu ya moshi wa kuni na tangawizi ilisambaa mezani. Naelijwa alikifuta vumbi taratibu, akakigeuza, akasoma karatasi iliyobandikwa nyuma: Mzee Senzighe, Kwesanga Juu. Amefariki. Kisafishwe, apewe mwingine.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Kisanduku chenyewe kilitosha kubebwa kwa kiganja kimoja. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nzima, kipaza sauti, spika ndogo na prosesa moja iliyotumia wati sita tu. Kila mzee wa milima hii aliyeishi peke yake alikuwa nacho, mezani au juu ya kabati la vyombo. Saa moja asubuhi kilimwamkia, "Shikamoo. Umeamkaje leo?" Kikamsikiliza, kikapima maneno, pumzi na mtetemo wa sauti yake, kisha kikatuma neno moja zahanati na kwa ndugu wa karibu. Neno lilikuwa ama Salama, ama Aonwe. Likienda Aonwe, muuguzi alipanda mlima siku hiyo hiyo.

Visanduku vilikuwa mia nne kumi na viwili. Prosesa iliyowekwa ndani ya kila kimoja aliichagua Naelijwa.

"Binti, usinifanyie utafiti wa mwaka mzima," Mgonja alisema akiingia na kikombe cha chai. Alikuwa msimamizi wa karakana, mtu mnene mwenye kucheka, aliyependa kuegemea kila meza isiyokuwa yake. "Wilaya ya jirani wanataka visanduku elfu tatu. Nataka ukurasa mmoja. Mpole na Mlafi, nani kashinda, basi."

"Nitarudia vipimo vyote, bosi. Safari hii kwa sauti za nyumbani, si za ukumbini."

"Rudia. Mpole atashinda tu. Yule Mlafi ukimwasha hata taa ya chooni inapepesa."

Prosesa zile zilikuwa na majina ya kiwandani, marefu, herufi na tarakimu zimechanganywa kama namba za gari. Watu wa karakana walizipa majina yao. Mpole ndiye wa wati sita, mwenye viini vinne, asiyehitaji feni wala kelele. Mlafi alikuwa na viini vinane na feni iliyovuta masizi ya jikoni, na alikula wati kumi na tano tangu kuamka hadi kulala. Katika nchi ambayo kila kata ilipewa mgao wake wa umeme wa jua, na mawingu yakatanda milimani kuanzia Machi hadi Mei, wati tisa za tofauti zilikuwa jambo la kujadiliwa kwenye vikao.

Naelijwa aliweka visanduku viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha Mpole, kingine cha Mlafi, kila kimoja juu ya mita yake. Kisha akachukua sauti zilizokuwa ndani ya namba 187. Kila kisanduku kilikuwa na sikio dogo lisilolala, lililohifadhi sauti ghafi kwa siku thelathini hata prosesa yenyewe inapokuwa imejizima. Familia ilikuwa imetia saini kwamba sauti zinaweza kutumika kwa majaribio. Alichagua asubuhi ya kwanza aliyoiona kwenye orodha, akaipeleka kwa wote wawili kwa pamoja.

Sindano mbili zilipanda. Sekunde ya kumi na mbili, sindano ya Mpole ikashuka hadi karibu na sifuri. Alikuwa ameshaamua na amelala. Kioo chake kiliandika Salama.

Mlafi aliendelea. Feni yake ililia. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, sindano haikucheza kutoka kumi na tano. Naelijwa alitabasamu akaandika kwenye daftari: anapoteza nguvu bure. Kisha kioo cha Mlafi kikaandika Aonwe.

Kalamu ilisimama. Kosa kama hilo hakuwahi kuliona katika vipimo vya kwanza. Alichukua vifaa vya masikioni, akavaa, akasikiliza mwenyewe.

"Shikamoo. Umeamkaje leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama, namshukuru Mungu. Sijambo kabisa."

Hapo ndipo Mpole alipolala. Naelijwa aliangalia saa ya kipimo, akahakikisha. Sekunde kumi na mbili, na neno kabisa.

Sauti ya mzee haikuwa imesimama. "Na wewe umeamkaje? Huko kwenu hawajambo? Mvua imefika huko? Huku imenyesha jana na juzi, ndiva yetu ya kumwagilia imejaa maji hadi ukingoni, tumshukuru Mungu. Mbuzi wa Mama Kiango amezaa mapacha. Haya. Haya, mwanangu. Tunaendelea vizuri." Kimya kifupi, kama mtu anayevuta kigoda. "Ila huu mguu. Nilijikata na jembe Jumanne tulipokuwa tunazibua mfereji. Nilidhani ni mkwaruzo. Leo umevimba hadi kwenye kifundo, na kidole kimoja sikisikii."

Naelijwa aliipeleka asubuhi iliyofuata. Mpole: Salama. Mlafi: Aonwe. Akapeleka nyingine. Zilikuwa asubuhi kumi na moja tangu alipoutaja mguu mara ya kwanza hadi mwisho. Katika zote mzee alianza kwa kusema hajambo, akauliza habari za watu, mvua na mifugo, na baada ya hapo ndipo aliposema. Mguu umekuwa mweusi. Naona baridi hata jua likiwaka. Jana nililala mchana kutwa, sijui kwa nini. Wakati mwingine alimaliza salamu, akaenda kuchota maji, akarudi baada ya saa nzima na kuendelea na habari yake pale alipoiacha. Mara zote kumi na moja Mpole alikuwa amelala.

Alivua vifaa vya masikioni akaviweka juu ya daftari. Alitaka kulia lakini Mgonja alikuwa bado ameegemea meza ya pili akinywa chai, na Naelijwa tangu utotoni hakuweza kulia mbele ya mtu.

*

Vipimo vya kwanza alivifanya mwaka uliopita, mwezi wa nane, katika ukumbi wa chama cha ushirika. Wazee arobaini walijitolea. Walikuja wamevaa vizuri, wanawake na vitenge vya sherehe, wanaume na makoti. Kila mmoja aliombwa aketi mbele ya kipaza sauti na aeleze maradhi yake, ya kweli au ya kubuni, kama anavyoeleza nyumbani.

Nao walieleza kama wanavyoeleza nyumbani. Walimsalimu Naelijwa. Walisalimu kipaza sauti. Waliuliza habari za mama yake, ambaye wengine walisoma naye darasa moja. Bibi mmoja alizungumzia kuku wake kwa dakika tano kabla ya kufika kwenye kifua kinachombana. Kwa wastani kila mzee alichukua dakika nne na nusu, na karatasi ya jaribio aliyofundishwa chuoni iliruhusu sekunde tisini kwa kila sauti.

Basi aliketi wiki nzima mbele ya kompyuta akazikata. Alikuwa makini sana. Alitafuta mahali ambapo salamu zinaishia na ugonjwa unaanza, akaacha nukta moja ya pumzi ili sauti isisikike kama imerukwa. Kilichobaki kilikuwa safi: kifua kinanibana, macho hayaoni vizuri, nimeanguka jana. Katika ripoti aliviita vipande alivyotupa "sehemu zisizo na taarifa". Mwalimu wake wa chuo alilipenda sana neno hilo.

Kwa sauti zile safi, Mpole na Mlafi walitoka sare. Arobaini kwa arobaini. Sasa mtu mwenye akili angechagua yupi, kama si yule anayekula kidogo, asiye na feni, asiyepata moto? Katika vipengele kumi na vinne vya ulinganisho, Mpole alishinda kumi na kimoja. Ripoti ilisomwa kwenye kikao cha kata na watu wakapiga makofi. Naelijwa alikaa nyuma akiangalia viatu vyake, na moyoni alifurahi kuliko siku zote za maisha yake.

Kilichomuuma sasa ni kwamba hakuwa mgeni. Kama angetoka mbali, angeuliza kwa nini watu hawa wanasema hawajambo wakati wanaumwa, na mtu angemweleza. Yeye alizaliwa hapa. Hakuwahi hata mara moja kumwambia mama yake kwamba kichwa kinamuuma kabla ya kuuliza kama ng'ombe ameshakamuliwa. Jambo hilo lilikuwa karibu naye mno. Alilikata kama mtu anavyokata kucha.

*

Mgonja alisikiliza asubuhi tatu kati ya zile kumi na moja. Kisha alinyoosha mkono akazima feni ya Mlafi, na karakana ikawa kimya.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu, bosi."

"Hawa wengine je? Hawa mia nne na kumi na moja?"

"Sijafungua sauti zao, sina ruhusa. Lakini wazee wote wanaanza hivyo hivyo."

Mgonja alikaa. Kwa mara ya kwanza Naelijwa alimwona amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. "Tunaweza kumzuia Mpole asilale?"

"Tunaweza. Ni amri moja tu, naituma kutoka hapa mezani." Alimgeuzia daftari. "Lakini zile wati sita si zake kweli. Ni wastani wa prosesa inayolala sana. Nimemkataza kulala leo kwa saa mbili, amekula kumi na tano, sawa na Mlafi. Na akiamka asubuhi lazima abaki macho siku nzima, kwa sababu mzee anaweza kumaliza habari yake saa nne, au saa tisa. Hana feni, atapata moto. Atadumu msimu mmoja, labda."

"Wati tisa zaidi, mara mia nne na kumi na mbili."

"Elfu tatu, mia saba na nane."

Wote wawili walijua namba hiyo iko wapi. Zahanati ilikuwa na vitanda sita vya joto kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kila kimoja wati mia sita. Vilinunuliwa mwaka huo huo, kwa sababu ripoti ya Naelijwa ilionyesha kwamba kata ina umeme wa ziada.

Mgonja alisugua uso kwa viganja. "Sikiliza, binti. Sikusudii ubaya. Hawa elfu tatu wa wilaya ya jirani tutawawekea Mlafi, nitatafuta sababu. Hawa wetu tuwaache hadi Juni, jua lirudi. Ni miezi mitatu. Juni tunawabadilishia taratibu, tunasema ni matengenezo ya kawaida."

"Miezi mitatu hawatasikika."

"Kabla ya visanduku walikuwa wanasikika na nani?"

"Walikuwa wanatembelewa," Naelijwa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana hivi kwamba ilibidi arudie. "Walikuwa wanatembelewa, bosi. Sasa watu wanaona Salama kwenye simu, wanaendelea na shughuli zao."

Mgonja alichezea kijiko ndani ya kikombe kitupu. "Na yule binti yake Senzighe, mwalimu. Ameshazika. Ametulia. Unataka amzike baba yake mara ya pili?"

"Sitaki."

"Basi."

"Lakini kamati ya umeme haitatoa wati bila sababu," Naelijwa alisema. "Na sababu ni hii."

Aliandika barua mbele yake, kwa mkono. Aliieleza kamati ya umeme kwamba katika vipimo vya mwaka jana aliondoa salamu zote, kwamba kwa hiyo matokeo yake si ya kweli, na kwamba Mpole hafai kwa wazee wanaoongea kama wazee. Mstari wa mwisho ulikuwa: Kosa ni langu peke yangu.

Mgonja aliisoma akiwa amesimama. "Ukiipeleka hii, hawatakupa hata redio utengeneze."

"Najua."

"Futa hilo la peke yangu," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mimi niliisaini ile ripoti. Sikuisoma, lakini niliisaini."

*

Kamati ilikuwa bado haijaketi Naelijwa alipokwenda zahanati. Sista Mkunde, muuguzi mkuu, alimpokea mlangoni mwa chumba cha watoto, akamvalisha koti jeupe lililomzidi. Ndani kulikuwa na joto kama la jiko lililofunikwa. Vitanda viwili vilikuwa na watoto, wadogo kuliko alivyotegemea, wamevaa kofia za sufu. Vinne vilikuwa tupu lakini vimewashwa, mashuka yamenyooshwa.

Naelijwa alimweleza yote akiwa amesimama. Alipomaliza, muuguzi alibaki amemtazama mtoto mmoja akipumua.

"Tangu Novemba sijapanda Kwesanga Juu," alisema. "Zamani nilikuwa napanda kila wiki mbili, magoti haya yanajua. Novemba nikaona Salama, Salama, Salama, nikasema jamani, kumbe dawa zinafanya kazi. Nilijisifu hata kwa mganga mkuu."

"Ni kosa langu, Sista."

"Mdogo wangu, subiri. Kosa lako nimelisikia, sasa nasema langu." Alienda kwenye ukuta, akazima swichi nne, moja baada ya nyingine. Taa nyekundu juu ya vitanda vitupu zilizimika. "Hivyo vinakupa ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Hazitoshi."

"Zinatosha visanduku mia mbili na sitini hivi. Ningeanza na wale wa juu kabisa, walio mbali na barabara."

"Anza." Sista Mkunde alifuta mikono kwenye koti. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Lakini tuelewane. Wiki iliyopita hapa walikuwa saba, wawili tuliwalaza kitanda kimoja. Leo wawili. Kesho akija wa tatu nitawasha kitanda bila kukuuliza. Kisha nitakupigia simu, na wewe utaniambia ni wazee gani tuwanyamazishe. Hutanitumia namba. Utanitajia majina."

Naelijwa aliitikia kwa kichwa. Alirudi karakana, akaketi, akaandika orodha ya majina mia mbili na sitini kuanzia kilele cha mlima kwenda chini, akatuma amri ya kumzuia Mpole asilale. Mstari ulipita katikati ya kijiji cha Mbaru. Mzee wa mwisho aliyepata alikuwa Bibi Nakonde. Jirani yake, aliyefuata, hakupata. Nyumba zao zilikuwa na ua mmoja.

*

Siku ya pili yake alipanda Kwesanga Juu kwa miguu, na namba 187 kwenye mkoba.

Naetwe, binti wa marehemu, alikuwa barazani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwalimu wa sekondari kule tambarare, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Likizo ya msiba ilikuwa inaisha na alikuwa anafunga nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi na jua hili?"

"Karakana, mama. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Wazazi wako hawajambo?"

"Hawajambo. Mama anawapa pole."

"Ahsante. Mvua huko chini?"

"Inanyesha kidogo. Hapa mmeamkaje?"

"Salama tu. Kaa kwenye kiti hicho, hicho kingine mguu wake ni mbovu."

Naelijwa alikaa. Alisema kitu kuhusu maharage, kwamba yamekomaa vizuri. Naetwe akasema ndiyo, ni ya baba. Zikafika zile nukta za ukimya ambazo Naelijwa aliwahi kuzitafuta kwenye kompyuta, arobaini, akazipima kwa sehemu za sekunde. Hakujua kwamba mtu aliye ndani yake huona giza namna hii.

"Umekuja na jambo," Naetwe alisema. "Kama ni kile kisanduku, nilishawarudishia. Na niseme ukweli, sikukipenda mwishoni. Si kosa lenu. Kila asubuhi niliona Salama kwenye simu. Kumbe mguu unaoza. Baba alikuwa na kiburi, mwanangu. Kuniambia mimi binti yake kwamba anaumwa, akaona atajishusha. Kwenye wasifu wake wamesoma hakulalamika hata siku moja, watu wakaitikia, mchungaji akasema tuige mfano. Mimi nilitaka kusimama niwaambie hiyo si sifa. Nilimzika nikiwa nimemkasirikia. Hadi leo sijaenda tena pale kaburini, na ni hatua ishirini kutoka hapa."

"Alisema," Naelijwa alisema.

"Nini?"

"Alisema, mama. Kila siku. Asubuhi kumi na moja. Alikisimulia kisanduku habari za mguu, za homa, zote. Kisanduku kilikuwa kimelala." Alieleza mengine bila kupumzika, maana alijua akipumzika hataweza: sauti arobaini, sekunde tisini, salamu alizozikata, Mpole anayelala mtu akishasema hajambo, kana kwamba habari imekwisha. "Mimi ndiye niliyezikata. Hakuna aliyeniagiza. Niliona zinapoteza muda."

Naetwe alishika harage moja kati ya vidole viwili, akaliangalia kama lina kasoro.

"Nilimpigia Jumapili," alisema. "Siku tatu kabla. Akaniambia hajambo, anamshukuru Mungu. Akaniuliza habari za wajukuu, nikamwambia wazima. Akaniuliza mvua. Nikamwambia baba, nina kikao saa nne, nitakupigia." Aliweka harage kwenye ungo. "Dakika moja na kidogo. Iko kwenye simu, nimeiona mara nyingi. Nilikuwa nasema moyoni, si angeniambia tu? Alikuwa na dakika nzima."

Naelijwa alitaka kumshika mkono lakini hakuthubutu, akabaki ameshika mkoba wake.

"Unazo?" Naetwe aliuliza. "Hizo asubuhi."

"Ninazo. Lakini mama, si lazima. Ni ngumu. Za mwisho zaidi."

"Washa."

"Naweza kukupa maandishi tu, usisikie sauti..."

"Dada, washa."

Naelijwa alikitoa kisanduku, akakiweka juu ya kigoda kati yao. Alitafuta asubuhi ya kwanza. Alijua kwa sekunde hasa mahali ambapo mzee anaanza kuuzungumzia mguu, na aliona ni huruma kumfikisha huyu mama hapo moja kwa moja, amalize, apumzike. Kidole chake kikaenda kusogeza mbele.

Naetwe alimshika kiganja.

"Usiruke."

Kisha aliuondoa mkono wake, akavaa miwani kana kwamba kuna kitu cha kusoma, akaegemea mbele. Spika ndogo ilikoroma kidogo. Sauti ya kisanduku ilitoa shikamoo, na sauti ya mzee ikaipokea, nzito, yenye usingizi, ikisema kwamba ameamka salama, kwamba hajambo kabisa. Sekunde ya kumi na mbili ilipita. Naelijwa aliinamisha kichwa.

"Na wewe umeamkaje?" mzee aliuliza. "Huko kwenu hawajambo?"

"Hatujambo, baba," Naetwe alijibu. "Endelea."